Mume wangu hufua kila kitu kwa maji ya moto na klorini

Shangazi, shikamoo.

Nimeolewa, nina watoto wawili. Tangu nilipoanza kazi ya zamu za usiku, mume wangu ndiye anayefua. Sikumwomba. Nilirudi siku moja nikakuta kamba imejaa nguo, mwenyewe wala hakulizungumzia, na tangu hapo ikawa kawaida. Wenzangu wakisikia huniambia nina bahati, na ni kweli ninayo. Ndiyo maana naona aibu kukuandikia.

Tatizo ni kwamba ana dawa moja kwa magonjwa yote. Anachemsha maji, anamimina sabuni ya unga kwa kukadiria, anatia klorini, basi. Doa likigoma anaongeza klorini. Likigoma tena anapiga pasi hivyohivyo na kusema litatoka wiki ijayo. Ukimuuliza, anajibu kwamba mama yake alifua hivyo miaka yote na nguo zao zilikuwa zinang'aa.

Hali ndiyo hii. Mtoto alitokwa na damu puani usiku, ikaingia kwenye shuka yetu nyeupe. Baba mtu akaitumbukiza kwenye maji yanayofuka moshi, na sasa kuna duara la kahawia ambalo limekuwa kama sehemu ya shuka. Mashati yake meupe ya kazini yamefanya njano kwapani, na nakuapia kila akiyatia klorini njano inazidi. Kitambaa cha meza kilimwagikiwa mchuzi wenye manjano. Alipokipaka sabuni doa likageuka jekundu mbele ya macho yetu, akaitupa ile sabuni akisema ni feki. Mkubwa karudi na shati la shule limelowa wino wa peni mfukoni. Sweta langu la sufu linamtosha mtoto wa miaka sita.

Lililonitia hofu ni la juzi. Amesoma mahali kwamba siki inatoa madoa, akaichanganya na klorini kwenye beseni, bafuni, mlango umefungwa. Alitoka anakohoa, macho mekundu, akasema "dawa imekolea". Yuko salama, lakini ameshaniambia wiki ijayo atapunguza siki kidogo.

Nikimgusia jambo ananyamaza, kisha ananiuliza kama nataka kufua mwenyewe. Sitaki, Shangazi. Nikitoka zamu asubuhi mwili wote umekwisha. Haya madoa niyafanyeje, na nimwambieje asivunjike moyo? Na zile dawa za madoa za bei ghali, nizinunue au sabuni ya kawaida inatosha?

Mke wa Mfuaji

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa zamu.

La bafuni kwanza, mengine yote yanaweza kusubiri. Siki ni asidi, na asidi ikikutana na klorini ya kufulia hutoka gesi ya klorini. Ni gesi ileile ambayo jeshi la Ujerumani liliwaachilia askari waliokuwa mahandakini karibu na Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915. Kwa hiyo hakuna habari ya kupunguza siki kidogo. Vitu hivyo havichanganywi, hata kijiko. Limau nalo lisisogee karibu na klorini, wala dawa za choo zenye asidi, wala chochote chenye amonia. Na hapo kwenye amonia wengi hawajui kwamba shuka iliyokojolewa na mtoto inayo: ukiitia kwenye klorini kabla ya kuisuuza kwa maji matupu, utasikia harufu inayochoma pua, na hiyo nayo ni gesi mbaya. Likitokea la bahati mbaya, mtu atoke kwanza, mlango na madirisha yaachwe wazi, na asirudi kumwaga beseni mpaka hewa ibadilike. Kifua kikibana au kikohozi kikiendelea, aende hospitali. Haya mwambie leo, tena kavukavu. Maneno matamu utayatumia kwenye shuka.

Tuje kwenye hiyo shuka. Damu imejaa protini, na protini ikipata moto hufanya kile ute wa yai unachofanya kwenye kikaango: inaganda, na ikishaganda ndani ya nyuzi za pamba haitoki kirahisi. Yale maji yaliyokuwa yanafuka moshi yaliipika palepale. Damu mbichi haihitaji makuu. Ni maji baridi, na haraka. Geuza kitambaa, bomba au kopo la maji limwagikie upande wa nyuma ili maji yaisukume damu itoke kwa njia iliyoingilia. Ukiona maji yanayochuruzika yameacha kuwa na wekundu, paka sabuni, fikicha taratibu, suuza. Maziwa, yai, matapishi na kinyesi cha mtoto ni ukoo huohuo: baridi kwanza, joto baadaye. Na doa usilolijua asili yake, lichukulie kuwa ni la ukoo huo. Maji baridi hayajawahi kulifanya doa lishindikane, ya moto ndiyo.

Yako imeshapikwa, basi tunaiendea kwa njia nyingine. Tafuta sabuni ya unga yenye vimeng'enya, yaani "enzymes". Geuza pakiti usome upande wa nyuma, huwa wameandika. Loweka shuka usiku kucha kwenye maji ya vuguvugu. Vimeng'enya huikata protini vipandevipande, nayo sabuni ikavizoa. Sio mambo ya jana haya: Mjerumani Otto Röhm alisajili wazo la kufulia kwa vimeng'enya vya kongosho mwaka 1913. Lakini vina tabia moja, moto mkali unaviua. Kwa hiyo inawezekana kabisa mumeo amekuwa akivinunua dukani na kuviua kwenye beseni kila wiki, bila kujua kama vimo.

Asubuhi kivuli kikiwa bado kipo, chukua haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa, uidondoshee juu ya doa. Ikichemka povu jeupe usishtuke, ndivyo inavyofanya ikikutana na damu. Subiri dakika chache, suuza kwa maji baridi, rudia. Shuka ni nyeupe kwa hiyo huna wasiwasi. Ingekuwa ya rangi ningekwambia ujaribu kwanza kwenye upindo wa ndani, maana peroksaidi inapausha. Na pasi isiiguse mpaka doa liishe. Pasi ni moto uleule, tena mkavu na wa kugandamiza. Mashine ya kukaushia kadhalika. Nguo iliyofuliwa doa likabaki ianikwe tu, ili kesho iendelee kutibiwa. Siwezi kukuahidi shuka itarudi kama mpya. Damu iliyopikwa mara moja mara nyingi hutoka. Iliyopikwa, ikapigwa pasi, ikapikwa tena, huacha alama, na kama ndivyo ilivyokuwa basi itandike upande wa miguuni na maisha yaendelee.

Kitambaa cha meza kilinifurahisha, nisamehe. Sabuni yenu haikuwa feki. Rangi ya manjano inatokana na kitu kinaitwa kukumini, nacho hubadilika sura kulingana na kinachokigusa. Kwenye asidi ni cha njano, kwenye magadi au sabuni ya kipande kinakuwa chekundu hadi kahawia. Doa halikuongezeka, limevaa nguo nyingine tu. Mwite mumeo, mpe kipande cha limau akamulie juu ya ule wekundu, na ahakikishe hapo karibu hakuna klorini. Ataona njano inarudi. Mwache aurudie mchezo huo hata mara mbili tatu, kwa sababu una kazi nyingine ambayo nitakuja kuisema.

Kulitoa sasa. Manjano yalikuja ndani ya mafuta ya mchuzi, kwa hiyo mafuta ndiyo yaanze kuondoka. Paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo juu ya doa likiwa kavu, kabla maji hayajaligusa, lisugue kwa vidole, liache robo saa, kisha fua kwa maji ya vuguvugu. Mafuta yataondoka na njano itabaki. Usihangaike nayo kwa brashi. Kitambaa kikiwa kingali kibichi, kianike juani, doa likiangalia jua. Kukumini haivumilii mwanga: jioni utakuta njano imefifia, na ukikilowesha tena kesho yake ukaanika tena, itazidi kufifia hadi isionekane. Kwenye nguo nyeupe sijaona kinachoishinda njia hii. Kwenye ya rangi uwe macho, jua halichagui, linapausha na rangi ya nguo pia.

Mashati ya kazini ndipo mumeo atakapobisha sana, kwa sababu klorini na shati jeupe anaona ni ndugu. Ile njano ya kwapani si uchafu wa kawaida. Nyingi hutokana na jasho kukutana na chumvi za aluminiamu zilizomo kwenye dawa za kuzuia jasho. Klorini ikija juu yake inaikoleza, kama ulivyoona mwenyewe. Kama shati limechanganywa na poliesta au nyuzi za kuvutika, klorini inaweza kuzifanya hizo nyuzi zenyewe kuwa za njano, na hiyo haina dawa. Basi klorini ikae mbali na mashati. Yasuuze vizuri ile ya zamani iishe kabisa, maana sasa tunaleta siki na hatutaki ya bafuni yajirudie. Kikombe kimoja cha siki nyeupe kwa vikombe vinne vya maji, kwapa zilowe nusu saa. Suuza. Kisha paka sabuni yenye vimeng'enya, sugua kwa mswaki wa zamani kufuata mshono, acha saa moja, fua. Njano ya miaka mingi itapungua bila kwisha. Kwa mashati mapya, avae baada ya dawa ya kwapa kukauka, na yasikae wiki nzima kwenye kapu yakisubiri siku ya kufua.

Utakutana na ushauri wa kuchanganya siki na bekingi soda. Povu lake linapendeza kutazama, lakini asidi na magadi vikikutana vinauana: povu ni kaboni dayoksaidi inayotoroka, na kinachobaki ni maji yenye chumvichumvi. Kila kimoja kina kazi yake kikiwa peke yake. Pamoja ni tamasha.

Wino wa peni usianze na maji. Kunja kitambaa cheupe kisichotumika, kiweke ndani ya mfuko wa shati chini ya doa. Lowesha pamba kwa spiriti, gusagusa kutoka ukingoni kwenda katikati, usisugue. Utaona wino unahamia chini na unapanda kwenye pamba. Badilisha pamba kila inapochafuka, na kile cha chini ukisogeze sehemu safi, la sivyo unaurudisha wino ulikotoka. Ukiacha kutoka, ndipo ufue kawaida. Ufanyie dirishani, mbali na jiko, spiriti inashika moto haraka. Kama ni ile kalamu ya wino wa jeli jiandae kisaikolojia, nyingine hazitoki kwa lolote.

Sweta halirudi. Unyoya wa sufu una magamba madogo. Maji ya moto na kusuguliwa huyafanya yashikane, na yakishashikana hayaachani. Kuna wanaoliloweka kwenye maji ya vuguvugu yenye kondishena ya nywele (si ile dawa ya kunyoosha nywele), wakalivuta taratibu na kulilaza likauke. Linaweza kulegea kidogo, lakini halitarudi mwilini mwako. Mvalishe huyo wa miaka sita. Kwa sufu na hariri za mbele, maji yasiwe ya moto, usikamue kwa kusokota, na hata ile sabuni ya vimeng'enya niliyoisifu isiziguse: sufu na hariri zenyewe ni protini, itakula doa pamoja na nguo. Klorini ndiyo kabisa, sufu inayeyuka.

Haya yote yameandikwa kwenye lebo ndogo ya ndani ya nguo, kwa michoro. Beseni lenye namba 30 au 40 ni joto la juu linaloruhusiwa, kwa nyuzi za selsiasi. Beseni lenye mkono, ifuliwe kwa mkono. Pembetatu tupu, dawa yoyote ya kung'arisha inaruhusiwa. Yenye mistari miwili ndani, ni ile ya oksijeni tu, klorini hapana. Iliyopigwa msalaba, usiitie dawa yoyote. Pasi yenye nukta moja ni ya joto dogo, tatu ni kali. Mumeo ajue hiyo pembetatu tu, nusu ya kesi zenu zimeisha.

Sasa mumeo. Usichukue beseni. Ukilichukua mara moja kwa hasira, utafua mpaka wajukuu. Na usimpe mhadhara wa haya yote niliyoandika, kwa sababu mtu anayejibu "basi fua wewe" hasikii habari za doa, anasikia kwamba jitihada yake haikuonekana. Anza na limau na kile kitambaa cha meza. Hakuna atakayekuwa na kosa hapo, ni kitu cha kushangaza tu, na akishaona doa linabadilika rangi mkononi mwake atauliza mwenyewe mengine yakoje. Hapo ndipo umwambie la damu na maji baridi. La mashati mpe siku nyingine.

Mama mkwe usimguse. Tena msifu, kwa sababu kama nguo zao zilikuwa pamba nyeupe tupu, na huenda zilikuwa, alifua sawasawa. Pamba nyeupe huvumilia kuchemshwa, na klorini ya kiasi haiiharibu upesi. Yeye hakuwa na poliesta, nyuzi za kuvutika na dawa za kwapa kwenye beseni moja. Na maji ya moto bado yana heshima yake: taulo, vitambaa vya jikoni, shuka za mgonjwa kwenye nyuzi 60 kama lebo inaruhusu, kola zenye mafuta ya shingo. Mgawie hizo ziwe zake, achemshe roho ipende. Klorini akiitumia kwenye pamba nyeupe, iwe kwenye maji ya baridi, kwa kipimo cha chupa. Ya moto huivunja nguvu upesi. Na sabuni apime. Ya kukadiria huwa nyingi, haisuuziki yote, nguo inakuwa ngumu na inadaka vumbi.

Kuhusu dawa za bei ghali, nyingi ukizigeuza nyuma utakuta vitu viwili: vimeng'enya, ambavyo vimo pia kwenye sabuni nzuri ya unga, na sodiamu perkaboneti. Hiyo ya pili ikiingia kwenye maji inatoa haidrojeni peroksaidi, ileile niliyokwambia ya duka la dawa. Kama unaipata ikiwa tupu, bila jina kubwa na chupa ya kupulizia, nunua hiyo. Ni nzuri kwa chai, kahawa, na kwa mashati ya mumeo baada ya siki kusuuzwa, na haitishii rangi nyingi kama klorini. Sufu na hariri haziihusu. Inapenda maji ya joto la nyuzi 40 kwenda juu, kwa hiyo mpishi wenu wa maji atakuwa na kazi. Achanganye ya kutosha nguo za siku hiyo tu, na inayobaki aimwage, asiifunge kwenye chupa: inaendelea kutoa oksijeni na chupa inaweza kupasuka kabatini.